Uraia Unaponyang'anywa: Funzo la Kivu kwa Wapenda Mageuzi



Mmeniomba niseme juu ya vita vya mashariki mwa Kongo. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na Februari wakauteka Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara kwamba jeshi la Rwanda huwasaidia. Serikali ya Rwanda imekana. Wengi husema chanzo ni madini, na ni kweli kwamba koltani na dhahabu huwalisha wenye bunduki. Lakini moto huo uliwashwa pia kwa kalamu, na habari hiyo yatuhusu sisi.

Tangu kabla ya mipaka ya wakoloni walikuwako Kivu watu wasemao Kinyarwanda. Kuanzia 1937 Wabelgiji wakaleta wengine kwa maelfu kutoka Rwanda, wakawaweka Masisi. Mwaka 1972, nchi ikiitwa Zaire, serikali ya Mobutu iliwapa uraia walioingia Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta: raia akawa yule tu ambaye wazee wake walikuwamo nchini mwaka 1885. Ni nani kati yetu awezaye kuleta cheti cha babu wa babu yake? Mtu alilala raia, akaamka mgeni, na haki yake juu ya shamba alilolilima ikawa mashakani.

Sasa sikilizeni vema. Mwaka 1991 Wazaire walipata Mkutano Mkuu wa Kitaifa, tumaini la wapenda mageuzi wote, ambao Askofu Mkuu Monsengwo alikuja kuuongoza. Serikali iliposimamisha mkutano huo, Wakristo waliandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, na askari wakawamiminia risasi. Tunawaheshimu mashahidi hao. Hata hivyo, katika mkutano huo huo wajumbe wa Wanyarwanda wa Kivu walikataliwa. Mageuzi yaliyowafungulia wengi mlango, wao yaliwafungia.

Machi 1993 mauaji yakaanza Walikale, yakaenea Masisi. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa bado. Yalipotokea mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya milioni moja, na wauaji wenye silaha miongoni mwao, walivuka mpaka na kuingia katika nyumba iliyokwisha kupasuka. Vita vya 1996 vikafuata, kisha vya 1998 vilivyoingiza majeshi ya nchi kadhaa. Sheria ya 2004 ilirekebisha mengi, lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Sisemi haya kuwatetea wenye bunduki. Dhuluma ya sheria haimpi mtu ruhusa ya kuua wala kuvamia nchi ya jirani, na Wahunde na Wanyanga nao wamezika watoto wao.

Nasi tuna ufa wetu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1991, Wakenya walifukuzwa mashambani mwao katika Bonde la Ufa, wakaitwa madoadoa. Mwaka 2008 wengine wakafukuzwa tena. Wanubi wa Kibera na Wasomali wa kaskazini walipigwa msasa miaka na miaka kabla ya kupewa kitambulisho.

Tufanye nini? Tunapoiombea Kongo, tuwaunge mkono maaskofu Wakatoliki na viongozi wa Kiprotestanti wa huko, ambao mwaka 2025 waliziendea pande zote wakitaka zizungumze. Mapatano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 yalitiwa sahihi na serikali mbili. Ujirani hautiwi sahihi na mawaziri.

Na hapa kwetu, mgombea akisema, "Hawa si wa hapa," tumkatae hadharani, hasa akiwa wa upande wetu. Mageuzi yanayochagua nani ni raia yamekwisha kuanza vita.