Cheza Gemu, Isikuchezee

Leo tuongee michezo. Wapo wazee wanaocheza bao tangu ujana mpaka mvi: mashimo 32, kete 64, na akili kichwani. Hakuna anayewaita wagonjwa. Basi nawe ukipenda gemu za video, usidhani una kasoro. Mimi mwenyewe nacheza tangu shule ya msingi.

Ila tatizo lipo. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: unashindwa kujizuia, gemu inatangulia masomo, chakula na usingizi, unaona madhara, na bado unaendelea. Kwa kawaida ni mpaka hali hiyo idumu miezi 12 na kuvuruga maisha. Kucheza sana wiki moja ya likizo si ugonjwa.

Bao lina mwisho: mwenzako akienda kulala, basi. Gemu nyingi za simu hazimalizwi, kwa hiyo mwisho uweke wewe. Panga saa ya kuzima, na simu ilale mbali na kitanda. Umejaribu ukashindwa? Si aibu. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha au mhudumu wa afya, mapema.