Mchele si Wali: Kukadiria Kalori za Chakula cha Nyumbani

Ndugu wakazi wa Kinyerezi,

Ninyi mnaishi jirani na mitambo ya umeme wa gesi asilia, hivyo habari za nishati si ngeni kwenu. Chakula nacho hupimwa kwa nishati. Kwenye pakiti kipimo hicho huandikwa kwa kJ, yaani kilojuli, au kwa kcal, ambayo wengi wetu huiita kalori. Kalori moja ni kilojuli 4.2 hivi. Kwa hiyo asomaye 2,000 kwenye pakiti ya biskuti atazame kwanza kizio: kilojuli 2,000 ni takriban kalori 480. Atazame pia kama hesabu hiyo ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima. Juisi yenye kalori 48 kwa mililita 100 huonekana nyepesi, lakini chupa ya nusu lita ina kalori 240.

Hata hivyo, chakula kingi tunachokula hakina lebo, na hapo ndipo hesabu za wanaotaka kupunguza uzito huharibika. Mchele mkavu gramu 100 una takriban kalori 360. Wali mweupe gramu 100, usiotiwa mafuta wala nazi, una kalori 130 hivi, kwa kuwa umenyonya maji na maji hayana kalori. Lugha yetu imetenganisha vitu hivi viwili tangu zamani. Programu nyingi za simu zimetungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mchele na wali hubeba jina moja. Mtu akipima wali gramu 300 akauhesabu kama mchele, atajiandikia kalori 1,080 badala ya 390, na jioni atashinda njaa bila sababu. Akikosea kwa upande wa pili, atakaa mwezi mzima akishangaa kwa nini mizani haishuki. Ni afadhali kutumia majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard.

Njia tunayoipendekeza ni kuhesabu kile kinachoingia sufuriani kabla hakijapikwa. Unga wa mahindi kilo moja una takriban kalori 3,600. Ugali wake ukigawanywa sawa kwa watu sita, kila mmoja amekula kalori 600, uwe mgumu au laini. Tunafahamu kwamba katika nyumba nyingi watu hula sinia moja, na hakuna agawaye sawa. Basi anayefuatilia uzito wake na ajitengee fungu lake mapema, kisha ale pamoja na wenzake.

Mafuta ndiyo yanayosahaulika kuliko vyote. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi. Mafuta ya kupima dukani humiminwa kwenye kikaango bila mtu kujua kiasi, nasi tunaona kwamba kuyapima kwa kijiko kuna faida kuliko kupunguza ugali. Chukueni mfano wa chapati: ngano kilo moja na mafuta robo lita ni zaidi ya kalori 5,600. Zikitoka chapati 16, kila moja ina kalori 350, kabla ya chai na sukari yake.

Andikeni katika daftari siku hiyohiyo, maana kumbukumbu ya chakula hupotea upesi. Jipimeni uzito mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Mabadiliko ya siku moja mara nyingi ni maji tu.

Mjamzito, anayenyonyesha, na hasa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge, asipunguze chakula kabla ya kuonana na mtoa huduma wake wa afya. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari ya damu inaweza kushuka hadi mtu akapoteza fahamu.

Mizani ya jikoni ipo hapa mezani. Mliokuja na pakiti au unga, karibuni tupime na kusoma pamoja.