Mtoto Mwenye Mbio na Shule ya Kutwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazazi wa tawi la Nakuru



Halmashauri ya tawi imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo limeletwa ofisini mara nyingi tangu watoto wa kwanza wa Gredi ya 9 walipofanya mtihani wao mwaka 2025. Mzazi anaingia, anavua kofia, anasema: mtoto wangu ana mbio, au ana mguu wa mpira, na walimu wamsifu, mshahara wangu mwaujua, nimpeleke shule gani ya kutwa? Na karibu kila mmoja huongeza: ni ipi yenye vikombe vingi?

Twasema wazi tangu mwanzo kwamba swali la vikombe si swali la kwanza. Kikombe huwekwa ndani ya kabati la mwalimu mkuu, na huenda kililetwa na vijana waliokwisha ondoka miaka sita iliyopita, pamoja na mwalimu aliyewafundisha. Swali la kwanza la mfanya kazi ni hili: siku ya mazoezi mtoto wangu atafika nyumbani saa ngapi, kwa njia gani, na atakuwa amekula nini tangu asubuhi? Mengine yote yatafuata hapo.

Lakini kwanza tueleze utaratibu wa serikali, maana wengine wamechanganyikiwa. Mwezi Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, ndiyo sekondari pevu. Njia za masomo ni tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Watoto hao, walipokuwa Gredi ya 9, walichagua shule 12, na katika hizo 3 zilikuwa za kutwa ndani ya kaunti ndogo ya nyumbani. Basi mzazi wa Kaptembwo au wa Rhonda asiandike shule za kutwa kama mtu anayejaza nafasi tupu tu. Hizo tatu ndizo ambazo mtoto wa mtu wa mshahara mdogo anaweza kujikuta ndani yake kweli kweli. Zichagueni kwa miguu yenu, kwa kwenda kuziona.

Wengi wadhani kwamba mtoto mchezaji lazima achukue njia ya sanaa na michezo. Sivyo. Njia ile ni ya masomo; kuna somo la michezo lenye vitabu na mtihani, na mtoto husomea jinsi mwili unavyofanya kazi, jinsi ya kufundisha wengine na kuongoza mashindano. Timu ya shule ni kitu kingine. Kijana wa sayansi aweza kuvaa jezi ya shule, na binti wa sayansi za jamii aweza kukimbia mita 1500. Tena si kila shule inayo njia zote tatu. Nyingi ndogo zina mbili tu. Kama mtoto wako anataka njia ya michezo yenyewe, muulize mwalimu mkuu: mnayo? Nani analifundisha somo hilo? Usikubali jibu la "tutaona". Na kama mtoto anapenda hesabu na bayolojia, msimwondoe huko kwa sababu ya miguu yake.

Sasa fedha. Katika shule ya kutwa ya serikali hakuna karo ya masomo. Serikali hupanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ingawa walimu wakuu wote watakuambia kwamba fedha hizo hazifiki kwa wakati wala hazifiki zote. Shule ya bweni, kwa kima kilichowekwa na Wizara, ni shilingi 53,554 kwa mwaka katika zile za daraja la kwanza, na 40,535 kwa nyingine. Mtu akiona hivyo asema kutwa ni bure. Tupige hesabu. Tuseme nauli ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Hiyo ni 100 kwa siku, 500 kwa juma, na kwa majuma 36 ya masomo ni 18,000. Ongeza chakula cha mchana. Ongeza njumu, ambazo kijana wa miaka 15 huzimaliza au huzidiwa na mguu kabla mwaka haujaisha. Ongeza nauli za Jumamosi za mechi. Bado ni chini ya bweni, lakini si bure, na fedha hizi hutoka kila siku mfukoni, hazingoji mwisho wa mwezi. Kwa hiyo shule ambayo mtoto aweza kuifikia kwa miguu kutoka Bondeni, Flamingo au Free Area ina faida kubwa kuliko kabati la vikombe.

Twafika kwenye jambo la saa. Masomo huisha kama saa kumi hivi. Mazoezi huanza mara moja na kuendelea mpaka saa kumi na mbili, na kabla ya saa moja jua limekwisha zama. Mnaijua Nakuru mwezi wa sita na wa saba: mvua ya jioni, baridi ya Menengai, na matatu zimejaa watu watokao kazini, ambao ni sisi wenyewe. Makanga hampendi mwanafunzi anayelipa nusu. Kijana anasimama kituoni mpaka giza. Akifika nyumbani saa mbili amelowa, bado ana kazi ya shule, na saa kumi na moja alfajiri aamke. Mtoto wa hivyo hudumu muhula mmoja. Halafu watu wasema hakuwa na moyo wa michezo, kumbe hakuwa na chakula wala usingizi.

Jueni pia mgawanyo wa mihula. Katika mashindano ya sekondari, muhula wa kwanza huwa wa mpira wa kikapu, mpira wa mikono, magongo na raga ya watu 15. Muhula wa pili ni wa kandanda, voliboli, netiboli na raga ya watu 7. Muhula wa tatu ni wa mitihani. Mashindano hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha mkoa wa michezo, kisha taifa, na washindi huenda kukutana na shule za Uganda, Tanzania na nchi nyingine jirani. Kwa hiyo mama wa mcheza kandanda ajue tangu Januari kwamba mzigo wake utakuja Mei, naye aanze kuweka akiba ya nauli mapema.

Juu ya chakula hatutaki kuona haya. Kijana anayecheza anahitaji kula kuliko yule aliyeketi. Shule inapika nini mchana? Githeri ya sahani moja saa saba haitoshi kumfikisha saa kumi na mbili. Ulizeni kama wachezaji hupewa uji au chochote kabla ya mazoezi. Ikiwa hapana, mtoto afunge viazi vitamu au mayai mawili nyumbani. Jambo dogo, lakini tumeona vijana wenye nguvu wakizimia kiwanjani kwa njaa tu, na wenzao wakidhani ni ugonjwa.

Sasa jinsi ya kuiona shule. Usiende siku ya wazazi. Siku hiyo nyasi zimekatwa na kila mtu amevaa tai. Omba ruhusa uende Jumanne au Jumatano saa kumi jioni, usimame kando ya kiwanja. Je, kiwanja kipo? Kabla ya Uhuru wa 1963 shule za hapa ziligawanywa kwa rangi, na zile za Wazungu zilipewa viwanja vipana ambavyo mpaka leo mtu huvitamani. Nyingi za kutwa zilijengwa baadaye katikati ya mitaa, na pengine kiwanja ni vumbi na mawe, au madarasa mapya yamekwisha kimeza nusu. Kiwanja kibaya si mwisho wa mambo. Muulize mwalimu wanafanyia wapi mazoezi, nani anawavusha barabara, na siku ngapi kwa juma.

Mtazame mwalimu mwenyewe. Yuko kiwanjani, au amempa nahodha filimbi akaenda zake? Anawajua kwa majina wale wasio hodari? Anasema nini kijana akikosea? Tunaweka uzito mkubwa hapa, na hii ndiyo sababu. Mwaka 1976 Bruda mmoja wa Ireland, Colm O'Connell, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa kocha. Alianza kwa kutazama wavulana wakikimbia, akaketi nao miaka na miaka, na kutoka mikononi mwake akatoka Peter Rono aliyeshinda mita 1500 za Olimpiki mwaka 1988. Tena David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 kule London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, hakusoma katika shule hiyo yenye jina. Alisoma Kimuron, hapo hapo Iten, akafundishwa na Bruda yule yule. Shule hizo ni za bweni na ziko mbali, lakini funzo linatuhusu sisi wa kutwa: mtafuteni mtu, msitafute jina.

Wala msidhani kwamba mbio zahitaji mali. Faith Kipyegon ni mtoto wa upande wa Keringet, Kuresoi, ndani ya kaunti yetu hii ya Nakuru. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alikimbia peku katika mbio za nyika za vijana wa dunia huko Poland akawa wa nne, na mwaka 2011 akashinda huko Hispania. Baadaye alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara tatu: Rio 2016, Tokyo katika michezo iliyofanyika 2021, na Paris 2024.

Tukiwa kwa mabinti, wazazi wao waulize zaidi. Je, kiwanja ni cha wavulana siku zote na wasichana hupewa dakika zilizobaki? Kuna mwalimu mwanamke anayesafiri na timu? Kuna mahali pa kubadili nguo penye mlango? Baada ya mazoezi wanatoka pamoja, au kila mmoja ajitafutie njia? Mwalimu mwema hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, umekwisha pata jibu.

Kuna watu wanaozunguka viwanjani wakitafuta vijana. Wakimwona mtoto amefunga mabao matatu huja nyumbani usiku wamebeba sukari na ahadi: shule ya mbali, bweni, karo yote italipwa. Wengine ni wa kweli, na wako watoto waliosomeshwa hivyo mpaka mwisho. Lakini wako pia waliorudishwa na sanduku lao baada ya goti kuumia, katikati ya mwaka, na nafasi yao ya kutwa imekwisha jazwa. Kwa hiyo, ahadi iandikwe. Nani analipa, kwa miaka mingapi, na mtoto akiumia itakuwaje? Barua iwe na muhuri wa shule, si nambari ya simu tu. Sisi wa chama hatukubali tajiri atuahidi nyongeza kwa mdomo. Mbona tumtoe mtoto kwa mdomo? Na mtu akikuambia umpunguzie mtoto miaka katika cheti ili acheze na wadogo, mfukuze. Vyeti hukaguliwa, na timu nzima huondolewa kwa kosa la mmoja.

Juu ya kuumia, lipo jambo ambalo wengi hawajalifahamu. Mpango wa EduAfya, uliowalipia matibabu wanafunzi wa sekondari za serikali tangu 2018, ulikwisha mwishoni mwa 2023. Leo mtoto hutibiwa kwa jina la mzazi katika SHA. Asilimia 2.75 ya mshahara wako hukatwa kila mwezi, lakini ikiwa hukumwandika mtoto kama mtegemezi wako, utasimama dirishani ukibishana na karani huku mkono wa mtoto umevunjika. Na mcheza raga aliyepigwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema ni mzima, hata kama ni fainali.

Kutwa ina faida moja ambayo bweni haina: Jumamosi mtoto ni wako. Mji huu una klabu. Nakuru RFC walichukua Kenya Cup mwaka 2013 na 2014, na Menengai Oilers ni wa hapa hapa. Mzazi mwenye kijana wa raga aende akaulize kama wanapokea vijana. Hivyo shule yenye masomo mazuri na raga dhaifu haimpotezei mtoto bahati yake.

Yaliyobaki ni yetu sisi chama. Wenzetu wa maua kule Naivasha na wa viwandani hapa mjini hufanya kazi kwa zamu, na mzazi hawezi kwenda shuleni saa kumi bila kukatwa. Halmashauri imekubali kwamba katika mapatano yajayo tuombe saa chache kwa kila muhula za mzazi kwenda shule, bila kukatwa mshahara. Hatujui tajiri atajibu nini. Ili ombi liwe na nguvu, tunahitaji hesabu: ni wanachama wangapi wana watoto wa Gredi ya 8 na ya 9, na wanafanya zamu gani.

Basi, wenye watoto hao wasitoke sasa hivi. Katibu yuko mezani karibu na mlango na daftari. Mpeni jina lenu, idara yenu na zamu yenu, kisha tutapokea maswali.