Chunjua si ya Wembe

Ukiona chunjua kwenye vidole vya mwanao, msikilizaji, weka wembe chini. Chunjua huletwa na virusi vya HPV. Kuikata ni kuipanda upya pembeni. Virusi hivyo vina aina zaidi ya 100, na chanjo wanayopewa wasichana wetu tangu 2018 inalenga zile za saratani ya mlango wa kizazi, si hizi za vidoleni. Chunjua za watoto, nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka miwili. Asiye na subira apake asidi ya salisiliki, wiki kwa wiki, lakini si usoni wala sehemu za siri. Wembe nao hubeba virusi hivyo, kwa hiyo nanyi vinyozi wa kata za Lizaboni na Mfaranyaki, kila mteja na wembe wake, tafadhali. Mwenye kisukari, au chunjua inayotoa damu, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hapahapa Songea.