Mipako ya Kinga kwa Nyua za Zege Mahali penye Mvua Nyingi

(Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Matwebe, Wilaya ya Rungwe)



Nimeombwa nizungumze juu ya mipako inayouzwa kwa ajili ya kulinda baraza na nyua za zege. Makopo ya mipako hiyo hujisifu kwa maneno ya kuvutia: hustahimili jua kali, haipauki, hupunguza joto la sakafu. Huenda maneno hayo ni ya kweli kabisa. Hata hivyo, mnunuzi wa Matwebe ana swali lake la kuuliza kabla hajatoa fedha: je, kitu kinachoharibu zege langu ni jua?

Katika nchi za jangwa jibu ni ndiyo. Mjini Muscat au Dubai, ua usio na kivuli unaweza kupata joto la nyuzi 60 adhuhuri ya kiangazi, hata usikanyagike kwa miguu mitupu. Mionzi ya jua huichosha gundi iliyomo ndani ya rangi, na zege lenyewe hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Mtengenezaji anayewauzia watu wa huko hufanya vyema kutafuta utando wenye kuhimili mionzi, nao ukikaa juu ya ardhi iliyo kavu mwaka mzima hauna taabu kubwa kutoka chini. Hapa nchini, Dodoma, ambako kwa kawaida mvua ya mwaka haifiki milimita 600, angalau inafanana kidogo na hali hiyo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000. Jua letu la Septemba si la kudharauliwa, lakini adui wa kwanza wa zege katika wilaya hii ni maji, na maji hayo hupanda kutoka ardhini kama yanavyoshuka kutoka mawinguni.

Zege, japo huonekana gumu kama jiwe, limejaa vinyweleo. Udongo uliolowa miezi mingi mfululizo huyasukuma maji yapite humo kwenda juu, ambako hewa na jua huyakausha. Ukifunika uso wa zege kwa utando usiopitisha mvuke, maji hukwama chini yake. Baada ya muda utando hufura malengelenge, hupasuka na kubanduka vipande vipande. Chumvi nyeupe hujitokeza kando ya nyufa. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza duka, na muuza duka huonyesha kopo lililoandikwa kwamba bidhaa ni imara. Wote watatu huweza kuwa wakweli, kwa sababu bidhaa yenyewe haikuwa mbaya. Ilipelekwa mahali pasipo pake.

Hasara ya fedha ni nusu tu ya jambo hili. Utando unaong'aa ni laini, na juu ya ulaini huo, penye kivuli cha mgomba au ukuta, ukoga huota upesi. Mvua ikinyesha, baraza huwa kama utelezi wa mtoni. Kwa kijana kuanguka ni kicheko; kwa bibi au babu mwenye mifupa iliyodhoofu, kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwisho wa kutembea kwake. Kwa hiyo nawasihi msichague mpako wa baraza kwa kuangalia mng'ao.

Tuje kwenye aina zenyewe. Ipo mipako ya kuzama, ambayo mara nyingi huwa na silani au siloksani. Hii haifanyi ngozi juu ya zege. Huingia vinyweleoni na kuyafanya maji ya mvua yasinyonywe, huku mvuke wa chini ukiendelea kutoka. Haileti rangi wala mng'ao, na ndiyo maana wengi huipita dukani wakidhani haifanyi kazi. Kwa ua ulio wazi wa huku kwetu, mimi ningeanza na hiyo. Ipo mipako ya akriliki, yenye utando mwembamba. Baadhi yake hupitisha mvuke kiasi, lakini huhitaji kupakwa tena kila baada ya miaka michache. Kisha ipo epoksi, ngumu na ya gharama. Epoksi ni nzuri ndani ya ghala lililojengwa juu ya nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Nje, jua huigeuza rangi na kuifanya itoe unga, na unyevu wa chini huibandua. Atakayewauzia epoksi kwa ajili ya ua wa nje mwulizeni maswali mengi.

Kabla ya kununua chochote, fanyeni jaribio ambalo karibu halina gharama. Chukueni kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 45 kila upande, kilazwe juu ya zege mahali pasipopigwa na jua kali, na kingo zote zibandikwe kwa utepe wa gundi hewa isipite. Kiacheni saa 16 au zaidi, tuseme tangu jioni hadi kesho yake mchana. Mkikuta matone chini ya nailoni, au zege limekoza rangi, basi lina unyevu na halijawa tayari kwa utando wa aina yoyote. Zege jipya nalo lisipakwe kabla ya siku 28. Siku saba za kwanza hulinyweshwa maji ili saruji ikomae. Baada ya hapo huachwa likauke, na kwa hali ya hewa ya Rungwe siku 28 huenda zisitoshe. Nailoni ndiyo itakayowaambia.

Kuhusu saa ya kupaka, mafundi wengi hupenda asubuhi. Zege linapopata joto la asubuhi, hewa iliyomo vinyweleoni hutanuka na kutoa vipovu ndani ya utando mbichi. Ni afadhali kuanza baada ya adhuhuri, katika miezi ya ukavu, joto la zege linapoanza kushuka, ilimradi pabaki muda wa kutosha kabla ya umande. Mwezi Juni na Julai baridi yetu ya usiku huweza kukaribia nyuzi 10 au kushuka chini yake, na mipako mingi ya maji haishikani vizuri katika baridi hiyo.

Ukoga uondolewe kwanza kwa brashi ngumu. Anayetumia dawa ya klorini aichanganye na maji kama kibandiko kinavyoelekeza, asiichanganye kamwe na asidi, kwani hutoka gesi yenye sumu, na maji ya kusuuzia yasielekezwe kwenye bustani ya mboga. Na ua unaoanikwa kahawa, mahindi au maharage ningeuacha bila mpako wowote, ila kama kibandiko kinataja wazi kuwa unafaa kugusana na chakula. Turubai safi inatosha.

Sasa dukani. Tazameni jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS. Someni lita moja hufunika mita ngapi za mraba. Ua wa mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba; ikiwa lita hufunika mita 5, mikono miwili itahitaji lita 8. Anayewaambia kopo la lita 4 litatosha anawapa mkono mmoja tu. Mwelezeni muuzaji kwa maneno dhahiri: nataka mpako wa ua wa nje, Matwebe, mahali penye mvua na unyevu wa ardhini. Ombeni maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, nayo inatambua kwamba bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimtajia muuzaji. Bila maandishi, mtabaki mkibishana juu ya nani alisema nini. Mkiwa na risiti hiyo, kopo tupu na picha ya sakafu iliyobanduka, malalamiko yenu kwa Tume ya Ushindani yatakuwa na pa kushika.

Kwa wale ambao bado hawajamwaga zege, fedha ya mpako itawafaa zaidi kwingine. Wekeni kokoto na nailoni nzito chini. Ua uteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mferejini. Mfuko wa saruji wa kilo 50 usizidishiwe lita 25 za maji, mkihesabu na yale yaliyomo katika mchanga uliolowa, maana maji yaliyozidi ndiyo yanayoongeza vinyweleo. Uso usilainishwe kwa uji wa saruji. Uchanwe kwa ufagio mgumu kabla haujakauka, ili mguu upate kushika. Ua wa namna hiyo huweza kukaa miaka mingi bila kopo hata moja.

Mafundi waliokuja na vipande vya sakafu zilizobanduka wavilete hapa mbele, tuvigeuze na kutazama upande wa chini.