Mgeni Mpe Jembe

Somo: Matendo ya Mitume 18:24–28

Leo twapenda tufikiri pamoja juu ya mgeni wa namna moja: kijana anayesomea ualimu katika chuo cha ng'ambo, ambaye kabla hajamaliza masomo yake huja kwetu kujitolea kufundisha kwa majuma machache.

Tuseme amepelekwa katika shule ya msingi huko Kibirichia, Meru, penye baridi ya Mlima Kenya na mashamba ya viazi. Amelipa nauli yake mwenyewe. Hataki mshahara. Amekuja na moyo mweupe, na mkobani ana kalamu za rangi na vitabu vya hadithi. Watoto wanamkimbilia langoni. Je, tumpokeeje?

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hii ni ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Lakini kumpa mtu jembe ni kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Tena, hakuna mkulima wa viazi ampaye mgeni jembe kisha akaenda zake sokoni. Husimama naye kwenye tuta, akamwonyesha mbegu inakaa kina gani, na udongo unapandishwa namna gani bila kuumiza mmea. Ikiwa twaangalia viazi hivyo, je, watoto si zaidi?

Katika somo letu tunamwona Apolo, mtu wa Iskanderia, akifika Efeso. Alikuwa msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko, na roho yake ilikuwa inawaka. Akafundisha kwa bidii, naye hakujua ila ubatizo wa Yohana. Elimu alikuwa nayo, nia njema alikuwa nayo, ila somo lake lilikuwa na pengo. Prisila na Akila, mtu na mkewe, mafundi wa kushona mahema, wakamsikia. Hawakumpigia makofi wakanyamaza. Wala hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye Apolo, msomi yule, akakubali kufundishwa na mafundi wa mahema.

Ndugu zangu, shule zetu zinao kina Prisila na Akila. Ni walimu wale wanaopita kwenye tope la asubuhi, miaka kwa miaka. Je, tunawapa nafasi yao?

Kijana wetu wa Chuo cha Ualimu cha Meru au cha Egoji akienda kufanya mazoezi ya kufundisha, hachukui darasa hivi hivi. Huandika andalio la somo. Mwalimu wa chuo huja akaketi nyuma na kalamu yake, akamsahihisha. Lakini akija kijana wa ng'ambo, mwenye elimu ile ile au pungufu, mara nyingine mwalimu wa darasa huombwa apumzike, na mgeni hukabidhiwa chaki siku ile ile. Mbona mtoto wa nyumbani hupimwa na mgeni hapimwi?

Sababu moja twaijua, ingawa hatupendi kuitaja. Mgeni hutazamwa kama mfuko. Mkuu wa shule huogopa kumsahihisha, asije akakasirika, na mabati ya darasa jipya yakapotea. Basi mtu tunayemwogopa hatuwezi kumfundisha. Hapo tumempokonya Apolo haki yake, kwa maana yeye amekuja kujifunza ualimu, nasi tumemrudisha kwao na sifa tupu.

Na wako wanaopata hasara zaidi, nao ni watoto. Mtoto wa madarasa ya chini huko Kibirichia huwaza kwa Kimeru. Kiingereza ndiyo kwanza anakiokota. Mgeni akiuliza kama wameelewa, darasa zima litaitikia kwa sauti moja kwamba limeelewa. Watoto wetu wana adabu, hawatamwambia mgeni hapana. Lakini mwalimu mwenyeji, akiwa nyuma ya darasa, husoma nyuso. Amjua aliyeelewa, na amjua aliyeitikia kwa sababu jirani yake ameitikia. Tena, mtoto aonapo mwalimu wake akiondolewa mbele ili mgeni asimame, amejifunza somo lisiloandikwa ubaoni: kwamba hekima huja kwa ndege, wala haikai Kibirichia. Somo hilo huchukua miaka mingi kulifuta.

Hatusemi wageni wasije. Shule zetu zina deni kubwa kwa wageni. Wamisionari wa CMS walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakaja Kaaga, Meru, mwaka 1912. Daktari Irvine wa Kanisa la Scotland akafika Chogoria mwaka 1922. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walijitolea kufundisha katika shule zetu nyingi. Hao wa Peace Corps kwa kawaida walifunzwa lugha na desturi kwanza, ndipo wakakaa miaka miwili. Ajaye kwa majuma manne hana muda huo, kwa hiyo amhitaji Akila zaidi kuliko wao.

Basi yatupasa tufanye nini? Kanisa ni mdhamini wa shule nyingi, na wazee wetu huketi katika halmashauri zake. Na waulize mapema. Ndugu wa Efeso walimwandikia Apolo barua alipotaka kuvuka kwenda Akaya; vivyo hivyo mgeni na aje na barua ya chuo chake na hati ya mwenendo mwema. Sheria yetu ya mwaka 2012 hutaka mwalimu asajiliwe na Tume ya kuwaajiri walimu. Haifai mlango uwe mwembamba kwa wetu na mpana kwa wageni. Na aambiwe mapema kwamba muhula wa pili kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Agosti, asije akafika wakati madarasa ni matupu. Awekwe chini ya mwalimu mmoja, asiachwe peke yake na watoto. Ale nasi, aabudu nasi akipenda, na jioni aambiwe kweli kwa upole: hapa ulifanya vema, hapa watoto walikupotea.

Nanyi vijana wetu mnaotaka kwenda kujitolea katika shule za nchi nyingine, neno hili ni lenu pia. Jembe mtakalopewa huko lipokeeni kwa mikono miwili, na anayewafundisha msimdharau.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Kijana wa ng'ambo ametia maji. Si kazi ndogo. Mkulima wa Kibirichia ajua thamani ya mvua moja iliyokuja kwa wakati wake. Lakini mvua hupita. Jumatatu ifuatayo mwalimu yule wa siku zote atasimama tena mbele ya watoto wale wale. Na awakute wangali wanamheshimu, naye ana nguvu, kwa kuwa tulimfanya mwalimu wa mgeni na si mtazamaji wake.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, uwabariki walimu wetu, na wageni wajao kwetu kwa nia njema. Utupe sisi ujasiri wa Prisila na Akila, uwape wao unyenyekevu wa Apolo, na watoto wetu wakue mbele zako katika kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.