Kitabu Kinapolalamikiwa Shuleni



Mzazi anaingia katika biro ya prefe na kitabu cha historia mkononi. «Kitabu hiki kinatutukana. Kitoeni katika maktaba.» Prefe anaogopa, anakifungia kabatini, anasema yamekwisha. Hayakwisha! Kesho wazazi wa kabila lingine watauliza nani amependelewa, na mtoto aliyekimbia atajua kwamba habari za kwao zimefichwa.

Wengine mtasema: maktaba gani? Ni kweli, shule nyingi zina sanduku moja tu la vitabu. Ndiyo maana kimoja kikitoka, pengo linaonekana.

Prefe asikubali wala asikatae siku hiyo. Mzazi aandike ni ukurasa gani na maneno gani. Asiyejua kuandika aandikiwe. Kisha prefe asome kitabu chote. Wakati huo kitabu kibaki mahali pake.

Sheria tunayo. Amri ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Kitabu kinachochochea watu kuchukia kabila fulani hakina nafasi shuleni. Lakini kueleza kwamba watu waliuawa mahali fulani si kuchochea. Hapo wengi wanachanganya.

Jirani zetu wa Rwanda walisimamisha somo la historia shuleni baada ya 1994. Sababu zao zinaeleweka. Lakini mtoto asiyejibiwa shuleni huuliza nyumbani, na kila nyumba ina jibu lake. Huko Tanzania, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilikatazwa mashuleni. Baadaye ikarudi, ikafundishwa.

Prefe asiamue peke yake. Komite ya wazazi ipo. Nawauliza mashefu: wazazi waliokimbia wamo ndani yake? Mara nyingi komite ilichaguliwa kabla hawajafika. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani katika elimu kwa sababu ya kabila lake, hata kwa sababu ya mahali anapokaa. Basi waitwe, hata wawili, siku ya kusikiliza malalamiko, na kurasa zile zisomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa lugha wanayoisikia.

Jibu liandikwe pamoja na sababu zake, libandikwe mlangoni pa shule. Mzazi asiyeridhika aonyeshwe ni kwa mkubwa gani wa elimu atapeleka neno lake, na prefe asimchukie mtoto wake.